Uma wa Mfumu Ulikuwa Mkavu

Kitabu kiko hapa mezani, karibu na kopo la sukari. Ni kizito kuliko Biblia ya mume wangu, na kurasa zake zinateleza kama ngozi ya kambale. Juu kuna picha ya Mama Onorable ameshika mwiko. Ninyi ambao hamukumjua, tazameni mkono ule: mwiko ameushika kama mtu anayeshika mwavuli. Nilikaa jikoni mwake miaka tisa, na siku ile ya picha ndiyo mara ya kwanza nilimwona na mwiko mkononi. Picha ilipokwisha alinirudishia, akaomba kitambaa cha kujifuta.

Naona nimeanza vibaya. Nilijiambia nisianze kwa kumcheka, na tayari nimemcheka. Lakini nikifuta mstari huu nitafuta na ule unaofuata, basi ubaki.

Mtoto wa dada yangu anafundisha mapishi hapa Kolwezi, na ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi wanafunzi wake. Nilimwambia mimi nilifika mwaka wa tano wa primari tu, kwa masista, na kalamu inanichosha kuliko sufuria. Akasema, "Mama mukubwa, andika paka vile unasemaka," yaani vilevile ninavyosema. Nikasema mimi si mtu wa kuandika. Akajibu, "Na ule aliandika kile kitabu, alikuwa mutu wa kupika?" Hapo akanishinda.

Kwanza mujue jambo moja, maana bila hilo hamutaelewa kilichonipata. Huku kwetu, mgeni mkubwa akiacha chakula bila kukigusa, watu hawasemi hana njaa. Wanageuza macho jikoni. Wanauliza nani amepika. Nilimjua mwanamke mmoja kule Mutoshi, mpishi hodari kunipita, na sisemi hivyo kwa adabu. Siku moja kwenye harusi, baba mkwe alisukuma sahani yake mbele ya watu wote. Jino lilikuwa linamuuma. Hakuna aliyekufa, hata tumbo halikumuuma mtu. Lakini tangu siku ile hawakumwita kupika tena, hata kwenye matanga, ambako wanamwita kila mtu mwenye mikono miwili. Alimaliza maisha yake anauza kapenta wakavu, wale samaki wadogo, kwa sababu kapenta mkavu mnunuzi anampika mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi munayoitaka. Jina lako linakaa kwenye sahani ya mtu mwingine.

Aliyenifundisha ni Tata Kalenga, mpishi wa nyumba ya wageni ya mgodi, enzi za mainjinia wa kizungu. Mimi nilikuwa muosha vyombo. Alikuwa mfupi, sauti yake kama mfuniko ukianguka, na hakujua kusoma kitu chochote isipokuwa saa. Alipogundua ninajua kuandika, aliniletea daftari la shule la kurasa mia. Akasema, "Ngoie, andika." Nikauliza, "Niandike nini, Tata?" "Kati, andika chakula. Pembeni, andika bantu."

Sikuelewa watu wanaandikwaje. Lakini nikaandika. Katikati ya ukurasa: kuku mmoja, vitunguu vitatu, karanga zilizosagwa vikombe viwili. Na pembeni, kwa herufi ndogo, mambo aliyonitajia huku anakoroga: "Injinia mnene hana meno ya nyuma, nyama isagwe, asiambiwe." "Padri anakataa mara mbili, muulize mara ya tatu." "Alhaji wa malori, sufuria yake isiguse mafuta ya nguruwe, na aione ikioshwa." "Mke wa daktari anakula akisha kusifiwa nguo." Daftari zima liko hivyo. Na kuna ukurasa mmoja, wa kuku wa karanga, nimeandika pembeni: "Mfumu hali mbele ya watu. Moto wake. Chumba chake. Mlango ufungwe."

Kwa wale waliozaliwa juzi: mfumu ni chifu wa mila, mwenye ardhi na mizimu yake. Si mtu aliyepigiwa kura.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mara ya kwanza aliponiachia chikanda peke yangu, niliiharibu mpaka leo nasikia haya. Chikanda munaijua, ile mizizi ya porini inatwangwa na kupikwa na unga wa karanga mpaka inasimama kama mkate wa nyama. Inahitaji maji ya majivu kidogo ili ishikane. Mimi niliweka, kisha nikasahau kama nimeweka, nikaweka tena. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya mawe. Tata Kalenga hakunipiga. Alikata kipande, akaketi mbele yangu, akasema, "Kula." Nikala. "Kula tena." Nilipomaliza aliniambia kwamba mtu asiyejua kama ameweka au hajaweka, aonje. Kuonja si aibu. Aibu ni kumfanya mgeni akuonjee.

Sasa nirudi kwa Mama Onorable.

Mume wake alikuwa mbunge, ndiyo maana watu walimwita Onorable, na mkewe akapata jina kwa kumkalia karibu. Jina lake mwenyewe sitalitaja. Miaka ya kwanza tulikuwa tunapika mayonezi. Mayonezi asubuhi, mayonezi jioni, mayai yaliyojazwa mayonezi, samaki aliyezikwa ndani ya mayonezi. Bukari, ugali wetu, haikukanyaga saloni. Bukari iliingia kwa mlango wa nyuma na kuliwa jikoni, na lazima niseme ukweli, yeye mwenyewe alikuja kuila pale pamoja nasi, viatu amevua, anakata tonge kwa mkono na kulichovya kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, anacheka mpaka machozi. Siku zile alikuwa mtu wa kupendeza. Nalisema wazi kwa sababu nitakayoandika baadaye si mazuri, na sitaki mufikiri nimesahau.

Kisha akasafiri. Huko alikokwenda aliona kitabu cha mke wa mkubwa mmoja, kimejaa mapishi ya kale ya nchi yao na picha za meza. Alirudi amebadilika. Aliingia jikoni bila kuvua viatu, akasema, "Ngoie, tunakosa historia."

Mimi nikadhani ni kiungo. Naapa. Nilitazama rafu.

Akaleta kijana mmoja mwenye kompyuta, Monsieur Placide, suti ya bluu, mwandishi wa kitabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu na mikono safi, na aliogopa jiko la gesi kama mtu anavyoogopa mbwa. Nilimpa daftari langu, kwa kuwa Mama aliniamuru, na akakaa kwenye stuli anaandika.

"Hii kuku ya karanga, Mama Ngoie, ni ya mwaka gani?"

"Ni ya zamani."

"Zamani ya nani? Ya bafalme?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu. Kuku yule Tata Kalenga alimbuni siku haradali ilipokwisha kule nyumba ya wageni na treni ya mizigo ilikuwa imechelewa. Alichukua karanga, kungumanga na nyanya ya kopo, mainjinia wakalamba sahani. Hiyo ndiyo historia yake yote. Lakini Mama Onorable alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia kwa macho ya mtoto anayengoja pipi, na mimi nikasema, "Labda ya bafalme." Niliweka "labda". Placide hakuiandika. Kesho yake kuku alikuwa na jina: Kuku wa Baraza la Wafalme. Na nyanya ya kopo ikawa "matunda mekundu ya msituni."

Nilimwuliza, "Na maneno ya pembeni, hauandike?"

"Mama Ngoie, ile ya pembeni ni kelele tu. Bantu banataka resepi."

Yakaanza mazoezi. Ninyi vijana munaosema leo mapishi yetu yamepata heshima, mungekuwepo muone heshima hiyo. Sombe tuliitia kwenye glasi za mvinyo, kijiko kimoja kwa kila glasi, na jani juu. Chikanda ikakatwa vipande vya ukubwa wa kete za dama, kila kipande na kijiti cha meno. Munkoyo, kinywaji cha mizizi ambacho bibi yangu alikunywa kwa kibuyu akiwa ametoka shambani, ukamiminwa kwenye glasi nyembamba za shampeni na kipande cha limau. Mama Feza, mwenzangu wa jikoni, mtu wa Kindu, aliuangalia ule munkoyo akasema, "Huyu naye amevaa tai."

Mama Onorable akataka kila kitu kipikwe kwenye nyungu za udongo, kwa sababu ya picha. Akaleta nyungu sita mpya kutoka sokoni, akaagiza ziwekwe juu ya gesi siku hiyohiyo. Nilimwambia nyungu mpya inataka kwanza kuchemshiwa uji wa pumba, moto mdogo, ipoe yenyewe, halafu tena, ili matundu yake yazibe. Akasema, "Ngoie, wewe unachelewesha mambo." Ya kwanza ilipasuka sombe ikazima jiko. Ya pili ikapasuka. Ya tatu, Placide alikimbia. Zile tatu zilizobaki nilizipeleka nyumbani kwangu, nikazifanyia kama ninavyojua, nikazirudisha. Moja ninayo mpaka leo, alinipa mwenyewe, na aliponipa alisema, "Ulikuwa na haki." Alikuwa anajua kusema hivyo, mambo yakiwa yamekwisha.

Basi ikapangwa siku. Jumapili, saa sita mchana, baada ya misa. Waliita kile chakula "Meza ya Historia". Watu arobaini: wakubwa wa kampuni, mapadri wawili, wake za wakubwa na kofia zao. Na mgeni wa heshima ni mfumu mmoja, kijiji chake sitakitaja. Onorable alimhitaji. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na katika vijiji vya mzee yule, Onorable angeweza kuhutubia mpaka sauti imkauke, asipotokea mfumu kando yake wangesikiliza ndege. Kwa hiyo mfumu alipaswa kula chakula cha mababu zake, picha ipigwe, iingie kitabuni.

Nilipoambiwa, nikakumbuka pembeni ya ukurasa. Nilikuwa naosha mboga. Nikasimama na majani mkononi, maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nilisema? Nilisema. Lakini sikilizeni nilivyosema. Ijumaa, Mama alipopita, nikasema, "Mama, huyu mfumu, bazee balisemaka kama anakulaka peke yake." Naye akajibu, "Ngoie, hizo ni za zamani. Mi nilimuona ku hotele, Lubumbashi, ameikala ku meza sawa bantu bote." Nikanyamaza. Nikawaza, huenda ni kweli. Mfumu wa leo ana gari la jipu, ana simu mbili. Tata Kalenga amekufa zamani, nani ajuaye kama desturi haikufa naye. Mimi ni nani nimfundishe mke wa mbunge? Baadaye sana nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza palepale: alimwona ameketi mezani, sawa, lakini alimwona akila? Sikuuliza. Nusu ya kosa ni yangu. Nilipima sana, na bado naona ni nusu.

Jumapili ikafika. Mfumu akaja, mzee mwembamba, koti la kijivu, kofia yenye manyoya, hatua za polepole. Nyuma yake alitembea mzee mwingine na mfuko wa ngozi begani, mtu wake wa karibu. Wakamketisha mfumu katikati ya meza ndefu, kati ya Mama na Onorable, na yule wa mfuko wakamwambia akangoje nje, kivulini pa jipu. Mimi niliona hayo kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, sikusema neno. Hii ni mara ya pili ya kunyamaza.

Sahani zikatoka. Sombe ya glasi, chikanda ya vijiti, kisha Kuku wa Baraza la Wafalme kwenye sahani nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, ishirini na nne zilizotoka Ulaya, kwa wageni wa karibu tu. Watu wakala. Mama Feza alikuwa anapeleka na kurudisha. Mara ya tatu alirudi na uso mwingine.

"Ngoie. Mfumu hagusi."

"Hagusi kuku?"

"Hagusi kitu. Hata maji. Mikono iko juu ya magoti, anaangalia ukuta. Placide amemushikisha kanya mu mukono juu ya foto, amepiga foto, na yeye ameirudisha pale pale."

Kanya ndiyo uma. Nilisogea kwenye upenyo nikaona. Uma ulikuwa umelala kando ya sahani, unang'aa. Na nikaona jambo jingine: mke wa mkubwa mmoja alimtazama mfumu, akaitazama sahani yake mwenyewe, akaweka uma chini. Halafu wa pili yake. Uma zikawa zinashuka meza nzima, moja moja, bila kelele.

Mlango ukafunguka. Mama Onorable. Hakuufunga nyuma yake.

"Ngoie! Uliweka nini mu ile kuku?"

Kwa sauti ile. Mlango wazi. Watu arobaini.

Hilo sikulisamehe upesi. Najua aliogopa, najua mumewe alikuwa amemkazia macho, najua mtu akiogopa anatupa kilicho karibu. Lakini alikuwa amekula mkononi mwangu miaka mingi. Nikamwona yule mwanamke wa Mutoshi na kapenta zake.

Nilichukua kijiko. Nikasimama mlangoni, mahali wanaponiona wote, nikala kuku, nikala sombe, nikala chikanda, nikanywa munkoyo ule wa tai. Nikameza polepole. Mama Feza, Mungu ambariki, akachukua kijiko chake akasimama kando yangu, naye akala kila kitu, isipokuwa alikula zaidi kidogo. Padri mmoja akashika uma wake tena. Wengine wakabaki kama walivyo. Mfumu hakugeuka. Nikajua kuonja kwangu hakutoshi. Ilibidi mzee yule ale.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye jipu. Nikapiga goti kidogo, kama tunavyofanya.

"Tata, munisamehe. Mi njo mupishi."

Yule mzee wa mfuko alinitazama kuanzia miguuni. "Ah. Kumbe muko na mupishi."

"Mfumu hakuli, Tata."

"Atakula wapi? Munamukalisha mbele ya bantu sawa bibi-arusi. Tangu tuliingia, naangalia mulango gani mutafungua. Naona paka bantu ba foto."

"Juu ya nini hamukusema?"

"Mutu anaalikwa, kiisha aseme munipe chumba? Ni mwenye nyumba njo anajua." Akatema mate pembeni, kwa adabu. "Mama, sikia. Angekuwa anakatala, angesimama. Ameikala. Anabangojea."

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Saa nzima watu walikuwa wanafikiri mzee anatuaibisha, naye alikuwa anatuvumilia.

"Moto munawasha wenyewe?" nikauliza.

"Moto nawasha mi. Chakula, mutu mumoja tu apike, na mikono yake."

Nyuma ya jikoni kulikuwa na chumba cha kupigia pasi. Mama Feza akatoa mashuka na meza, akafagia, akaweka kiti kimoja na mkeka mpya. Yule mzee akawasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa kiberiti chake alichotoa mfukoni, na makaa mapya ya Mutshatsha ambayo hayajashika moto mwingine. Bandani alikuwa amebaki jogoo mmoja. Hapa musikilize, hii ni kazi: jogoo mzima anataka saa na zaidi, na sikuwa nayo. Nilimkata vipande vidogo, mfupa na nyama pamoja, nikamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe mpaka maji yake yakauke, ndipo nikaweka chumvi na kitunguu, maji kikombe kimoja, nikafunika, nikaweka jiwe juu ya mfuniko. Hivyo jogoo anakubali upesi. Bukari nikaisonga nzito. Sikuweka karanga, wala kungumanga, wala matunda mekundu ya msituni.

Lakini hata hivyo ilihitajika nusu saa na zaidi. Nikamwita Mama pembeni.

"Mama, mwambie Onorable aongee."

"Aongee nini?"

"Chochote. Mpaka kuku iive."

Kuongea ndiko alikokujua. Alisimama akaongea juu ya mababu, juu ya mila zetu tukufu, juu ya mizizi na matawi ya taifa, na kando yake mwenye mila hizo ameketi na njaa. Nilikuwa nasikia huku nageuza nyama. Alipofika kwenye "utamaduni wetu hautakufa", jogoo akawa laini.

Yule mzee akaingia saloni, akainama sikioni mwa mfumu. Mfumu akasimama. Meza yote ikashtuka, na Mama akanifikia mbio, kisigino kimoja kimekunjika.

"Anaenda! Ngoie, anaenda!"

"Anaenda kula, Mama."

"Kula wapi?"

"Ku chumba ya pasi."

"Mfumu! Ku chumba ya pasi!"

"Mulango yake inafungaka," nikasema.

Chakula nilikipeleka mwenyewe, kwenye sahani moja ya ukingo wa dhahabu kwa kuwa ndizo zilizokuwa safi, nikaiweka mkekani bila kuinua macho, nikatoka kinyumenyume. Mlango ukafungwa. Yule mzee akasimama mbele yake, ameupa mgongo. Mimi nikasimama upande wa pili wa korido. Kila alipopita mtu nilikohoa. Nilikuwa nimewahi kungoja mengi, matokeo ya watoto, mume kutoka shimoni, lakini kungoja kule mbele ya mlango wa chumba cha pasi sitaki kurudia. Ndani hakukuwa na sauti. Hata ya kutafuna.

Kisha kukagongwa mara moja kutoka ndani. Yule mzee akafungua kidogo, akapokea sahani. Mifupa imepangwa ukingoni kama kuni. Bukari haikubaki hata ya kubandika kidoleni.

Angeweza kuifunga palepale na kuitia mfukoni. Hakufanya hivyo. Alinitazama, nadhani alielewa jina la mpishi ni nini, kwa sababu alipita saloni nzima na ile sahani mkononi, kwa mwendo wa mtu anayetafuta mlango asiouona, mpaka kila mwenye kofia akaiona. Ndipo akaifunga kwa kitambaa, akaitia mfukoni.

"Sahani yangu!" Mama Onorable akanong'ona.

"Mama, hakuna mutu mwingine atakula mu hii," yule mzee akasema, na hakunong'ona.

Na hapa nimpe Mama haki yake, maana mimi nisingeweza. Aligeuka kwa wageni, akatabasamu, akasema, "Ni zawadi ya nyumba yetu kwa mfumu." Watu wakapiga makofi. Uma zikapanda.

Mfumu akarudi, akaketi kando ya Onorable mpaka mwisho, akapigwa picha nyingine kumi, akaenda zake. Siku ya pili pale sokoni, wanawake wa kapenta waliniita: "Mama Ngoie! Eti mfumu amekwenda na sahani yako?" Yangu. Tangu siku ile niliitwa kupika harusi na matanga mpaka magoti yakakataa.

Mama Onorable hakuniomba radhi. Lakini mume wangu mapafu yalipomlaza, alikuja kwetu, akaketi chini mkekani na nguo yake nzuri, akamlisha uji kwa kijiko. Kijiko alijua kukishika. Naliandika na hilo.

Sasa kitabu. Jina la Tata Kalenga halimo. Langu liko mwisho, ndani ya "wafanyakazi wote wa nyumbani". Chumba cha pasi hakimo, wala jogoo. Katikati kuna picha kubwa: mfumu mezani, sahani imejaa mbele yake, na chini maneno: "Mfumu akifurahia Kuku wa Baraza la Wafalme." Mukikiona kitabu hiki popote, msisome maneno. Tazameni uma. Ni mkavu. Hauna hata doa la mchuzi.

Jana nilichukua kalamu nikaandika pembeni ya picha ile, kwa herufi ndogo kama zamani: "Hapa hakula. Alikula nyuma, mlango umefungwa, bukari na jogoo wa chumvi." Nikasoma tena. Nikaona nimeandika kitu nisichokijua. Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi nilikuwa nje. Mule ndani kulikuwa na mzee mmoja na sahani, na hakuna mtu duniani aliyemwona.

Basi nimekata "alikula". Nimeandika: "Sahani ilirudi tupu." Hilo nililiona kwa macho yangu.